Vidonge vya Jina Moja

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi nilichelewa shule, na mwalimu hakuniuliza kitu. Alijua kwamba siku hiyo nampeleka mama kituo cha afya. Kusema kweli mama angeweza kwenda mwenyewe, maana njia ya kutoka mtaani kwetu Nyamugari aliijua kuliko mimi. Lakini karatasi za pale zimeandikwa Kifaransa, na mama alikuwa akisema Kifaransa kinampa kizunguzungu kuliko ugonjwa wake. Basi mimi Raissa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na alama nzuri za Kifaransa, ndiye niliyemsomea kila kitu.

Tulikuwa tukitoka mapema, ukungu wa Gitega ukiwa bado juu ya mabati. Mama alivaa sweta la baba juu ya gauni, akajitanda kitenge, akabeba mkoba wenye vitu viwili tu: kadi ya bima na kitabu cha kijani. Baba yangu, fundi cherehani Mahmudu, ni mwanachama wa mfuko wa bima ya afya wa mafundi na wachuuzi, ambao watu wote mtaani wanauita mituweli. Kwenye kadi ya mituweli yameandikwa majina yetu: baba, mama Amisa, mimi na mdogo wangu. Kitabu cha kijani kilikuwa cha mama peke yake, kwa sababu ana kisukari, na kisukari ni ugonjwa wa kudumu. Mwenye kitabu hicho hupewa vidonge vya mwezi mzima, na mituweli hulipa sehemu kubwa ya bei.

Sheria zilichapwa ndani ya jalada, nami nilikuwa nimezisoma hata nikazijua kwa ghibu. Mgonjwa aje mwenyewe. Apimwe damu kila mwezi. Dawa ni za mtu ambaye jina lake limeandikwa kitabuni. Haziuzwi, haziazimwi, wala hazigawiwi.

Alhamisi ninayotaka kuwasimulia, muuguzi Jeska alimchoma mama kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo, akakunja uso.

"Mama Raissa, sukari yako iko juu tena. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Jibu hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya. Daktari alikuwa amemwandikia kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mama alikunywa nusu asubuhi na nusu jioni. Nilijua, nikageuza macho nikaitazama kalenda ya ukutani mpaka Jeska alipomaliza kuandika.

Daktari Adriano alikisoma kitabu, akatikisa kichwa. "Miezi mitano sasa sukari haishuki," alisema. "Mwili wako unaikataa dozi ndogo. Tutaongeza. Kuanzia leo viwili asubuhi, viwili jioni."

Mama alimshukuru kwa furaha ambayo daktari hakuielewa. Tulirudi nyumbani na vidonge mia moja na ishirini badala ya sitini, na njia nzima alikuwa akitembea kwa haraka kama mtu anayewahi harusi.

Nyumbani alifunga mlango, akavimwaga vidonge kwenye sinia. Tukavihesabu wawili, kama tunavyochambua maharage. Sitini upande huu, sitini upande ule. Upande huu vya mama. Upande ule vya mama mdogo Fatouma, wa Muyinga.

Fatouma ni mdogo wake mama, tena ndugu yake pekee. Mumewe alifariki zamani na mtoto hakujaliwa, hivyo mimi aliniita binti yangu, na mtu asingethubutu kumsahihisha. Alikuwa na meza katika soko la Muyinga, akiuza mchele unaoletwa kutoka mpakani Kobero. Miaka miwili iliyopita walimpima, wakamkuta na kisukari kama dada yake. Lakini yeye hakuwa na kadi yoyote, na bei kamili ya duka la dawa hakuimudu. Mituweli ya baba inamchukua mwanachama, mke wake na watoto wake. Shemeji hayumo.

"Sisi ni tumbo moja," mama aliniambia nilipomwuliza mara ya kwanza. "Mi nikae hapa nakunywa dawa, mdogo wangu anakauka kule? Nitamtazama namna gani siku ya Idi?"

Kwetu hakuna mtu anayepika pilau akaila peke yake. Sahani lazima ivuke ukuta iende kwa jirani, sembuse kwa ndugu. Mama aligawa dawa kama anavyogawa pilau, na mimi sikuona kosa. Niliona upendo, na upendo ulikuwepo kweli.

"Mbona mama mdogo hajiungi na mituweli ya Muyinga?" nilimwuliza.

"Nani atamkubali? Kwenye ile karatasi wanauliza, we uko na ugonjwa? Ukijibu ndiyo, wanakufungia kitabu. Soko lote la Muyinga linajua."

Soko lote lilijua, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia ofisini kuuliza.

"Na baba yako asisikie," mama aliongeza. "Yule ni mtu wa karatasi."

Hapo hakumsingizia. Baba alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na hata leo wenzake sokoni wanamtania kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Akishaweka saini mahali, amemaliza. Mama akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa, na sitawaficha: nilijiona mkubwa. Nilifurahi kupewa siri ya watu wazima.

Vidonge vya mama mdogo tulivifunga kwa karatasi ya daftari, tukavitia ndani ya mfuko wa unga wa karanga, nikaupeleka kwa kondakta wa basi la Muyinga. Jioni simu ililia.

"Vimefika," alisema mama mdogo. "Lakini mbona vingi hivi, dada? Umeiba duka?"

"Kunywa na unyamaze," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mwezi ule nyumba yetu ilikuwa na amani. Sukari ya mama ilishuka. Daktari Adriano alifurahi kwa dozi yake mpya, na Jeska akaandika kitabuni kwa kalamu nyekundu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Kule Muyinga miguu ya mama mdogo iliacha kuwaka moto. Kituoni hakuna aliyefahamu kwamba kila mmoja wao alikuwa akinywa viwili kwa siku, dozi ile ile ambayo mama alipaswa kuinywa tangu mwanzo.

Kisha esansi ikakosekana. Mnajua wenyewe jinsi inavyokuwa: magari yamepanga foleni kwenye kituo cha mafuta tangu juzi, madereva wamelala chini ya magurudumu, na mabasi yamesimama. Mfuko wa unga wa karanga wa mwezi uliofuata ulibaki nyuma ya mlango. Mama mdogo alipiga simu akasema amebakiwa na vidonge vitano. Siku mbili baadaye akasema amebakiwa na kimoja. Mama alizunguka mjini akitafuta mtu wa kumpa, akapata pikipiki moja tu inayokwenda Karuzi, nusu ya njia ya Muyinga, nayo ikageuzwa njiani kwa kukosa mafuta.

"Ngoja kidogo, Fatouma," mama alikuwa akisema kwenye simu kila siku. "Wiki hii esansi itakuja."

Wiki hiyo haikuja. Badala yake ilikuja malaria, ikamwangusha mama. Homa ilimpanda siku ya Alhamisi, akawa anatetemeka chini ya mablanketi matatu, na uji akionja vijiko viwili anaukataa. Kituoni wakampa dawa ya malaria arudi nayo nyumbani. Baba alifunga duka la kushonea ili amwuguze. Ijumaa asubuhi akakichukua kitabu cha kijani, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akatoa vidonge kwenye kopo.

"Viwili asubuhi, viwili jioni," alisoma kwa sauti, na akamwinua mama kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha maji. Nilijua mama anakunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilijua pia kwamba tangu jana hajala.

"Baba," nilisema.

"Unasemaje?"

Mama alikuwa amefumba macho, anaweweseka. Nikakikumbuka kile kiapo.

"Hakuna kitu," nilijibu.

Nimekwisha kusema uongo mwingine maishani, kama watoto wote. Huo ndio ninaoujutia. Nilimpa baba kikombe, na baba, kwa mapenzi yake yote, akampa mama dozi isiyo yake. Akampa tena jioni, na tena asubuhi ya Jumamosi.

Saa tatu ya asubuhi hiyo mama alianza kutoka jasho jingi la baridi. Aliniita kwa jina la mama mdogo. Kisha akasema maneno yasiyoungana, na mwishowe hakusema tena. Baba alimwita mara tatu, akamtikisa bega. Gari halikuwepo mtaani, basi jirani akatupa baiskeli. Tulimkalisha mama nyuma, baba akaisukuma, mimi nikamshikilia mgongoni asianguke. Kichwa chake kilikuwa kikigonga bega langu kila tulipopita shimo, na nililia bila kujificha.

Jeska alimpima haraka. "Sukari imeanguka chini kabisa!" alisema. Alimtundikia dripu ya sukari, huku akijiuliza kwa sauti. "Dozi hii ameinywa tangu mwezi jana bila shida. Bon, pengine ni malaria na kutokula. Akizinduka tutampa chakula, aendelee na vidonge vyake kama kawaida."

Kama kawaida. Maneno hayo yalinitoa pale ukutani nilipojibanza.

"Asiendelee!" nilisema. "Yeye hanywi vinne. Hajawahi kunywa vinne."

Baba aligeuka. Jeska aliacha mkono wake juu ya dripu.

"Sema polepole," alisema.

Nikasema yote: sinia, karatasi ya daftari, unga wa karanga, mama mdogo wa Muyinga. Baba alikaa kwenye benchi, akavua kofia yake.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua, baba."

"Ukanitazama nikimpa."

Angenichapa ningepona haraka zaidi.

Daktari Adriano aliitwa. Alikikunjua kitabu cha kijani, akakitazama muda mrefu, halafu akakiweka chini. "Zaidi ya miezi mitano nimekuwa nikitibu uongo," alisema kwa uchovu. "Mwili wake haukukataa dozi ndogo. Haukuipata. Nikaongeza dawa juu ya karatasi ya uongo. Angerudi nyumbani na vinne kwa siku, katika hali hii, tungemzika." Akaninyooshea kidole, lakini si kwa ukali. "Umechelewa kusema, mtoto. Lakini umesema."

Mama alizinduka adhuhuri. Wakamweka siku mbili, kwa kuwa vidonge vile huendelea kuishusha sukari hata baada ya dripu. Alipotuona sote tumemzunguka, alielewa bila kuambiwa, akajifunika uso kwa shuka.

Ni Jeska aliyeuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza. "Na huyo wa Muyinga, sasa anakunywa nini?"

Hakuwa akinywa kitu. Zilikuwa zimepita siku kumi na nane.

Jumatatu baba alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mituweli ya Gitega, akaeleza kosa la nyumba yake. Nilidhani watatufuta. Walimpa barua ya onyo, na tangu siku hiyo mama hupewa vidonge vya wiki mbili mbili, naye huja na vilivyobaki vihesabiwe mbele ya Jeska. Hawakutufuta kwa sababu tulikwenda kwa miguu yetu kabla ya kukamatwa. Na karani wa pale akamwambia baba jambo moja: "Huyo shemeji yako mpeleke kwa wenzetu wa Muyinga, awaulize."

Esansi ilirudi baada ya siku tisa nyingine, na siku zote hizo mama mdogo alituambia kwenye simu kwamba hajambo. Mama hakuwa na nguvu za safari, basi baba akanichukua mimi, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Tulifika Muyinga mchana. Meza ya mchele ilikuwepo sokoni, lakini nyuma yake alikaa mwanamke mwingine, mama Namegabe, Mkongomani wa Bukavu anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, meza ya pili. Alikuwa akimwuzia mama mdogo mchele wake na kumpelekea chakula.

"Muko mumekuja, Mungu asifiwe," alisema. "Kile kidonda cha mguu wake hakiko kizuri. Mi nalia nikikitazama."

Mama mdogo alikuwa kitandani. Alikuwa amekonda hata bangili zimemfika kiwiko. Kiatu kilikuwa kimemchubua kidole gumba, mchubuko mdogo tu, na sasa mguu wote ulikuwa umevimba, umefungwa kitambaa, unanuka. Lakini aliponiona alitabasamu.

"Binti yangu, we umekuwa mrefu. Mama yako anawalisha nini huko Gitega?"

Nilipiga magoti nikamkumbatia.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Kesho yake asubuhi baba na mimi tukaenda ofisi ya mituweli. Baba alikuwa amevaa kanzu safi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kukataliwa. Karani aliitwa Eliud. Alisukuma fomu mezani bila maneno mengi. Mimi niliandika. Jina, umri, kazi. Nikafika kwenye lile swali: je, ana ugonjwa wa kudumu?

"Andika ndiyo," alisema baba. "Kisukari, miaka miwili." Kisha akamwambia Eliud, "Najua mtamkataa. Lakini sitaandika uongo mwingine."

Eliud alishangaa. "Nani amekwambia tunakataa? Anayesema ukweli tunamwandika. Ila anangoja miezi mitatu, ndipo tuanze kulipia ule ugonjwa aliokuja nao. Tunaomfuta ni yule anayeficha, tukija kugundua."

"Tangu lini iko hivyo?" Baba mwenyewe alisahau Kiswahili chake cha pasi.

"Tangu mfuko ulipoanza. Imebandikwa pale mlangoni."

Tuligeuka tukatazama. Ilibandikwa kweli, kwa Kirundi na Kifaransa. Kutoka meza ya mchele ya mama mdogo mpaka mlango ule ni mwendo wa dakika tano, na mwenye kisukari angeweza kuutembea akipumzika mara mbili. Nilikuwa na hasira siku hiyo, na sikujua nimkasirikie nani: soko, mama, mama mdogo mwenyewe, au mimi ninayejua kusoma.

Tulimweleza mama mdogo pale kitandani. Alisikiliza, halafu akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na nguvu.

"Miezi mitatu tu?" alisema. "Na mi nilikuwa na miaka miwili."

Walimpa kadi yake wiki iliyofuata, yenye picha yake na jina lake. Aliiweka chini ya mto. Matibabu ya hospitali tuliyalipa sisi, na baba aliuza cherehani moja kati ya mbili alizo nazo. Madaktari walijitahidi. Waliukata mguu ili kuuokoa mwili, lakini sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Mama alifika akiwa bado anatembea kwa kushika kuta. Akakaa na mdogo wake siku nne, wakizungumza habari za utotoni na kunywa chai isiyo na sukari. Siku ya tano, Ijumaa, mama mdogo Fatouma akafariki. Zilikuwa zimebaki wiki kumi kadi yake ianze kumlipia kisukari.

Tulimzika Muyinga. Siku ya tatu, baada ya dua, wanawake wengi walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani: majirani, wachuuzi, na nyuma kabisa mama Namegabe, ambaye ni Mkristo, lakini alikuwa amejifunika kichwa kwa heshima na kuleta sufuria ya maharage. Watu walikuwa wakimliwaza mama kama inavyosemwa misibani.

"Ni mapenzi ya Mungu," mmoja alisema. "Siku yake ilikuwa imeandikwa."

Mama alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Siku ameandika Mungu," alisema, "lakini mengine tumeandika sisi. Nisikilizeni, na mukipenda municheke. Mi na mdogo wangu tulikunywa dawa za mtu mmoja. Nilifikiri ninampenda. Nilimpenda! Lakini nilimpa nusu ya dawa, na ile nusu ikatunyima sisi wote dawa nzima. Mganga aliniuliza, nikamzungusha. Akaniongezea dawa kwa uongo wangu, karibu nife. Na huyu aliyekufa, tulisikia maneno ya sokoni kwamba mituweli haipokei wagonjwa, tukayaamini miaka miwili. Mlango uko pale. Hatukwenda kuuliza."

Mama alijitanda kitenge chake upya.

"Dawa si pilau," mama aliendelea. "Pilau ukigawa, wawili wanashiba. Dawa ukigawa, wawili wanabaki wagonjwa. Ukimpenda ndugu yako, mushike mkono, mupeleke aandikwe jina lake mwenyewe, na aseme ugonjwa wake bila kuficha. Kama kuna kungoja, angoje mapema, kabla mwili haujaoza."

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote.

"Na we Raissa, nisamehe. Nilikupa siri ya mtu mzima, ikakufunga mdomo siku ile ningekufa. Hakuna mama, hata mimi, mwenye haki ya kumwapisha mtoto anyamaze wakati mtu anaumia. Siku nyingine, mtu yeyote akikuapisha hivyo, vunja kiapo hicho. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," nilisema, na tukalia pamoja, mimi nimeuficha uso kwenye kitenge chake.

Watu walipoanza kuondoka, mama Namegabe alibaki akikusanya vikombe ambavyo havikuwa vyake. Alijizungushazungusha, mwishowe akaja akakaa karibu nasi.

"Mama Raissa, mi pia niko na presha," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka mitano. Nakunywa dawa za shemeji yangu. Siku zingine ananipa, siku zingine hana. Sijamwambia mtu."

Mama hakumhutubia tena. Alimshika mkono tu.

Jumatatu, kabla ya basi letu kuondoka, tulimsindikiza kwa Eliud. Niliijaza fomu yake, naye akanitajia presha bila kusitasita. Eliud akamweleza kwamba kwa ugonjwa huo atangoja miezi mitatu, na kwamba wakati huo apimwe na kuandikiwa dawa kila mwezi katika kituo cha afya asije akakaa bila dawa.

"Miezi mitatu si mirefu?" nilimwuliza tulipotoka nje, maana niliogopa atakata tamaa.

Mama Namegabe alitazama upande wa soko, ambako meza ya mama mdogo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine.

"Nitangoja, mtoto wangu," alisema. "Fatouma aliitafuta hii miezi mitatu, hakuipata. Mi Mungu bado ananipa."

Akatuaga, akaenda kuuza ndagala zake.